Haki Maalumu na Khofu ya Asiyejiweza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwenye nguvu na aliyeumba dhaifu, akamfanya kila mmoja kuwa mtihani kwa mwenziwe. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Katika sura ya Kuraishi, Mwenyezi Mungu amewakumbusha watu wa Makka neema mbili, akazitaja pamoja: kwamba amewalisha wasife njaa, na kwamba amewapa amani wasikae na khofu. Mwenye kuisoma sura hii kila siku katika Sala huenda lisimjie moyoni jambo hili, kwamba njaa ni mbali na khofu ni mbali. Mtu aweza kushiba naye yumo katika khofu. Na mwenye khofu chakula chake hakina ladha, kwani kila tonge alitialo kinywani hulidhani kuwa labda ni la mwisho. Basi neema ya kulishwa haitimii mpaka ifuatwe na neema ya kuaminishwa.

Kutokana na haya huzuka swali: mtawala, au tajiri, ampaye asiyejiweza chakula cha leo, na kumwacha asijue kama kesho atapewa au atanyimwa, je, ametimiza wajibu wake? Ama ametimiza nusu, na nusu ya pili iko juu ya shingo yake, ataulizwa?

Swali hili halikuzuliwa kwa ajili ya mazungumzo ya barazani baada ya Isha. Katika mwaka wa 2025 liliwashughulisha watu wa Uingereza, nchi ijulikanayo kwa miaka mingi kuwa na hazina kubwa ya kuwatunza wagonjwa, wazee na wenye vilema. Waislamu wa nchi ile ni mamilioni, nao wamo miongoni mwa watoao kodi na miongoni mwa wapokeao. Lakini hata lau asingekuwako huko Mwislamu hata mmoja, khabari hii ingestahili kuzingatiwa, kwani uadilifu ni mizani moja. Hauna kipimo cha Waislamu na kipimo cha watu wengine. Na mwenye akili huzingatia yaliyowapata walio mbali, kabla hayajamfika mlangoni mwake.

Katika nchi ile yako masurufu yatolewayo na serikali kwa mtu mwenye maradhi ya kudumu au ulemavu, nayo yameitwa kwa jina la kujitegemea. Yaliwekwa mwaka wa 2013 mahali pa masurufu mengine ya zamani. Hayakuwekwa kuwa ni malipo ya kukaa bure: hupewa afanyaye kazi na asiyefanya, kwani makusudi yake ni kumsaidia mtu kubeba gharama ambazo mwenye siha hazijui, kama nauli ya gari kwa asiyeweza kutembea, na ujira wa mtu wa kumwogesha na kumvisha. Kwa mambo ya maisha ya kila siku, kiwango cha kawaida mwaka wa 2025 kilikuwa pauni 73.90 kwa wiki, na kiwango cha juu pauni 110.40.

Ili kuyapata masurufu hayo, mtu hupimwa kwa alama. Hutazamwa mambo 10: kupika, kula, kuangalia dawa zake, kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kuchanganyika na watu, na kuamua matumizi ya fedha zake. Kwa kila jambo ambalo haliwezi mwenyewe huandikiwa alama, chache au nyingi. Zikifika 8, hupewa kiwango cha kawaida. Zikifika 12, hupewa cha juu. Mfano wake ni huu: asiyeweza kujiosha kuanzia kiunoni kwenda chini bila ya kusaidiwa huandikiwa alama 2, asiyeweza kujiosha baina ya kiuno na mabega huandikiwa 4. Na kadhalika katika kuvaa: ahitajiye kuvishwa nguo za chini huandikiwa 2, na ahitajiye kuvishwa za juu huandikiwa 4.

Tarehe 18 Machi 2025, waziri wa mambo ya kazi na malipo ya uzeeni, Liz Kendall, alitangaza mpango wa kubadilisha kanuni hii. Kuanzia Novemba 2026, alisema, hazitatosha alama 8 zilizokusanywa huku na huku. Itapasa mtu awe amepata alama 4 au zaidi katika jambo moja. Maana yake ni kwamba mtu asaidiwaye kuosha miguu, na kuvaa suruali, na mambo mengine mawili mfano wa hayo, 2 na 2 na 2 na 2, ambaye kwa kanuni ya kwanza alikuwa na haki yake, kwa kanuni ya pili angetoka mikono mitupu. Mwislamu aliyesoma mlango wa tohara aweza kulipima jambo hili kwa elimu yake. Katika josho la faradhi maji hayana budi kuenea mwili mzima, na wanachuoni hawakusema kwamba nusu ya chini ni nyepesi kuliko nusu ya juu. Asiyeweza kuinama akafikia nyayo zake hajaoga, hata kama kifua chake kimetakata.

Hisabu za serikali yenyewe, zilizotolewa siku chache baadaye, zilieleza matokeo. Ifikapo mwaka wa fedha wa 2029/30, watu 370,000 katika waliokuwa wakipokea wangeyapoteza masurufu haya, na wengine 430,000 ambao wangeyapata siku za mbele wasingeyapata, kwa wastani wa pauni 4,500 kila mmoja kwa mwaka. Watu 150,000 wawaangaliao wagonjwa wangepoteza posho yao pia, kwa kuwa posho ya muuguzi hufungamana na masurufu ya mgonjwa. Na kwa jumla ya mabadiliko yote, watu 250,000 zaidi wangeingia katika umaskini, miongoni mwao watoto 50,000.

Hapo ndipo ilipoingia khofu. Siku ile hakuna aliyekatiwa hata pauni moja. Sheria ilikuwa haijapita. Lakini kila mwenye kupokea alirudi kuhisabu alama zake, kama mfungwa ahisabuye siku. Aliyekuwa na 8 alitaka kujua kama katika hizo imo 4. Mwenye maradhi ambayo leo humwangusha na kesho humwinua aliona haya ya kuonekana amesimama, asije akadhaniwa mwongo. Wenye ulemavu walikusanyika mjini London mbele ya majumba ya serikali, wengine juu ya viti vya magurudumu, wakisema kwamba hawakushauriwa. Na miezi 3 na zaidi ilipita katika hali hiyo.

Mwishowe wajumbe wa Bunge zaidi ya 120 wa chama cha serikali yenyewe walitia mikono yao kupinga. Katika siku za mwisho za Juni serikali ikasema kwamba wapokeao sasa hawataguswa. Na tarehe 1 Julai 2025, mjadala ukiwa ungali unaendelea, waziri Stephen Timms alisimama akasema kwamba kifungu kile cha alama 4 kitaondolewa, mpaka uchunguzi utakaofanywa pamoja na wenye ulemavu wenyewe umalizike. Ndipo mswada ukapita katika usomaji wa pili kwa kura 335 dhidi ya 260, na sheria ikatiwa sahihi tarehe 3 Septemba.

Hata hivyo haikupita bila ya kupunguza kitu. Yako masurufu mengine, ya wale ambao maradhi yamewazuia kufanya kazi. Sheria ile iliweka kwamba waliokuwa wakiyapokea waendelee kupata kadiri ya pauni 97 kwa wiki, lakini mwenye kuingia kuanzia Aprili 2026 apate kadiri ya pauni 50, isipokuwa mwenye maradhi mazito ya umri mzima au aliyekaribia kufa. Basi wachukuliwe watu wawili, maradhi yao mamoja, wamelala vitanda viwili vilivyo jirani. Mmoja jina lake limeandikwa Machi, wa pili limeandikwa Aprili. Mkate wanunuao ni mmoja, na bei ni moja. Baina yao kuna karatasi moja ya kalenda, nayo imechukua karibu nusu ya chakula cha wa pili.

Wala mambo haya si mapya katika nchi ile. Siku iyo hiyo ya 18 Machi, katika mwaka wa 2016, waziri wa idara iyo hiyo, Iain Duncan Smith, alijiuzulu kwa kupinga mpango wa kupunguza masurufu haya haya ya alama, na mpango ule ukaachwa. Serikali ya 2016 ilikuwa ya chama kimoja, na ya 2025 ya chama kingine. Hivyo mwenye ulemavu ameona khofu hii ikiondoka na kurudi, kama kusi na kaskazi. Na anayejua kwamba upepo utarudi hawezi kulala kwa sababu leo ni shwari.

Uadilifu wataka hoja ya serikali nayo isikilizwe. Walisema kwamba katika watu wa umri wa kufanya kazi, mmoja katika kila 10 apokea masurufu ya ugonjwa au ulemavu. Kwamba gharama yapanda kila mwaka. Kwamba mpango wote ungeokoa kadiri ya pauni bilioni 5 kwa mwaka. Na kwamba kumwacha kijana nyumbani na masurufu, bila ya kumtafutia kazi, ni kumtupa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Baitul-mali ni amana, na mwenye kuilinda hana ruhusa ya kuigawa kama mali ya babake. Na Uislamu umeitukuza kazi, ukausifu mkono utoao kuliko mkono upokeao. Wahenga nao walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Lakini yamepasa kutazamwa namna Mtume (s.a.w.) alivyoifanya kazi hii kwa mikono yake. Imepokewa kwamba mtu katika Ansari alimjia kuomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani kwake kuna kitu. Akasema lipo tandiko na bakuli. Vikaletwa, Mtume akavinadi mwenyewe vikauzwa kwa dirhamu 2. Akampa dirhamu ya kwanza, akamwambia awanunulie watu wake chakula. Na ya pili anunue shoka. Kisha Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akachanje kuni, na baada ya siku 15 mtu yule akarudi na dirhamu 10. Wengi huisimulia hadithi hii kwa ajili ya shoka. Walio wachache huangalia kwamba dirhamu ya chakula ilitangulia dirhamu ya shoka. Mtume hakusema: nenda kachanje kwanza, watu wako watakula ukiuza. Aliwaondolea njaa na khofu, ndipo akamtaka mtu afanye kazi. Tena mtu yule alikuwa na mikono ya kushika shoka.

Serikali ya Uingereza iliahidi kutoa pauni bilioni 1 kwa mwaka, ifikapo 2029/30, za kuwasaidia wagonjwa na wenye ulemavu kupata kazi. Hilo ni shoka, nalo ni jema. Lakini shoka limeahidiwa kukamilika baada ya miaka, na chakula kilipangiwa kupunguzwa kabla yake. Mpangilio umegeuzwa juu chini. Tena masurufu yale ya alama ndiyo yamwezeshayo mwenye ulemavu kulipa gari la kumfikisha kazini. Mwenye kumkatia hayo amempokonya shoka alilokuwa nalo, huku akimwambia akachanje kuni.

Ama walaghai, hapana shaka ya kuwa wako, kama wanavyokuwako katika kila jambo la mali. Mlaghai hutafutwa kwa kuchunguzwa yeye. Kusogeza mpaka wa haki ni kazi nyingine kabisa, kwani mpaka ukisogezwa hautoki nje mlaghai peke yake. Hutoka nje kila aliyekuwa amesimama karibu nao, na aghalabu mlaghai ndiye mwenye mbio za kuruka ndani tena. Mvuvi akiona katika nyavu zake yamo majani, huyatoa majani, hazikati nyavu.

Katika khabari za Sayidna Umar bin Khattab (r.a.), aliyetawala tangu mwaka wa 13 hata 23 wa Hijra, zimo mbili ambazo ni dawa ya swali hili.

Ya kwanza ni khabari ya watoto. Sayidna Umar alikuwa ameweka kanuni kwamba mtoto huandikiwa fungu lake katika diwani akisha kuachishwa ziwa. Kwa mtazamo wa hazina ilikuwa ni kanuni ya busara, kwani mtoto anyonyaye halishwi na soko. Usiku mmoja alikuwa akiulinda msafara wa wafanya biashara waliotua nje ya Madina, akasikia mtoto akilia. Akamwendea mama yake akamwambia amwangalie mwanawe. Mtoto akalia tena, na tena. Alipomwuliza mama kisa, naye hakumjua ni nani, alimwambia kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi kitu ila kwa aliyekwisha achishwa. Alfajiri ile Sayidna Umar aliwasalisha watu, na kwa kulia kwake kisomo chake hakikusikika vizuri. Akajilaumu nafsi yake kwa watoto wa Kiislamu waliohiliki kwa kanuni yake. Kisha akaamrisha itangazwe katika miji yote kwamba wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, na kwamba kila mtoto ataandikiwa tangu siku ya kuzaliwa.

Katika khabari hii yamo mafunzo. Kanuni ilikuwa imeandikwa kwa nia njema, na madhara yake hayakuonekana katika daftari. Yalisikika usiku, katika kilio. Mwenye amri alikwenda hata mahali pa kilio, akauliza. Na alipojua kosa, hakungoja kushindwa na wapinzani wake ndipo arudi nyuma. Tena aliporudi hakuwapa wale waliokwisha zaliwa akawaacha watakaozaliwa mwaka ujao. Aliieneza haki kwa wote, wa jana na wa kesho. Kurudi nyuma kwa serikali ya Uingereza mwezi wa Julai kulikuwa ni kheri, na aliyerudi katika kosa asifiwe. Lakini kurudi kwa kuogopa kura si kama kurudi kwa kuogopa kilio, kwani kura zikihesabiwa siku nyingine zikawa nyingi, khofu itarudi.

Ya pili ni khabari ya mzee kipofu. Sayidna Umar alimpita mlangoni mzee wa Kiyahudi akiomba, akamwuliza lililomfikisha hapo. Akasema ni jizia, na haja, na uzee. Sayidna Umar akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho. Na lau angekomea hapo, ingekuwa ni sadaka njema ya mtu mwema. Lakini hakukomea. Alimtuma kwa mwenye kushika baitul-mali, akaamrisha atazamwe yeye na kila mfano wake, kwani si insafu kuzila nguvu za mtu katika ujana wake kisha kumtupa katika uzee. Na jizia akamwondolea. Sadaka ya kwanza ilimshibisha mzee siku ile. Amri ya pili ilimwondolea khofu ya siku zote, yeye na wenzake ambao Sayidna Umar hakuwaona.

Na baada yake, katika zama za Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Sham tangu mwaka wa 86 hata 96 wa Hijra, imeandikwa kwamba wenye maradhi makubwa walipewa fungu lao wakakatazwa kuomba watu, na kila kiwete akapewa mtumishi, na kila kipofu akapewa wa kumwongoza. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Sasa yafaa kurudia swali la mwanzo kwa neno moja la Kur'ani. Katika sura ya Al-Maarij, Mwenyezi Mungu alipowasifu wasalio kweli kweli, alisema kwamba katika mali zao imo haki, na haki hiyo akaisifu kwa sifa moja: kuwa ni maalumu, yaani yenye kujulikana, ni ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Hakuiita hisani. Hisani ni ya mtoaji, akipenda hutoa na akipenda huzuia, na mpokeaji hukaa akimtazama usoni ajue leo ameamkaje. Haki ni ya mwenyewe, hata ikiwa ingali mfukoni mwa mwingine.

Na kule kuwa maalumu kwataka mambo matatu. La kwanza, ijulikane ni kiasi gani. La pili, ijulikane ni ya nani, kwa sifa ya haja yake, wala si kwa tarehe ya kuandikwa jina lake. La tatu, ijulikane kwamba itadumu maadamu haja inadumu. Likipungua moja katika haya, mali huenda ikafika mkononi, lakini khofu haiondoki moyoni. Waislamu wa zamani waliijua siri hii, ndiyo maana hawakutosheka na sadaka bali waliweka wakfu. Hospitali ya Nuruddin mjini Damaski, iliyojengwa mwaka wa 1154, na ya Sultani Kalawuni mjini Kairo, iliyomalizika mwaka wa 1284, zilisimama juu ya mali za wakfu, na sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa na mafakihi mfano wa nassi ya sharia. Mgonjwa aliyelazwa humo hakuhitaji kuuliza kama sultani wa leo ni mkarimu au bakhili.

Pengine atasema msemaji: je, haki ikiisha kuwekwa haibadiliki milele, hata hazina ikikauka? Jawabu ni kwamba hubadilika, na Sayidna Umar mwenyewe alibadilisha. Lakini mwenye kubadilisha ana adabu zake. Huwashauri wale watakaoguswa kabla ya kukata, wala hakati kwanza akashauri baadaye, kwani Mwenyezi Mungu ameamrisha mashauriano kabla ya azma. Huanza kupunguza kwa mwenye nguvu kabla hajamfikia dhaifu. Nahodha akitaka kupunguza shehena katika tufani hatupi baharini maji ya kunywa akabakisha mazulia. Na hatangazi leo ambalo hana hakika nalo kesho, kwani kumtia mtu khofu kwa jambo ambalo halitakuwa ni dhulma iliyokwisha tendeka, ijapokuwa pauni haikutoka mfukoni. Miezi ile 3 ya usingizi uliopotea, hakuna kifungu cha sheria kitakachoirudisha.

Baada ya haya yote, msomaji wa pwani huenda akaona raha, akasema: hayo ni ya Wazungu na serikali zao, Uislamu umewatangulia. Na kweli umewatangulia. Lakini fahari ya babu hailipi deni la mjukuu. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, huwapo mlangoni kipofu ameshikwa bega na mtoto, na mwanamke mwenye mguu mmoja ameketi juu ya mkeka. Aliye mwema hutia mkono mfukoni, na kitokacho ndicho atoacho: pengine noti, pengine sarafu, pengine kitu hakikutoka. Ijumaa ikiwa ya mvua, watu hukimbia. Yule kipofu anajua idadi ya hatua zote za kutoka kwake mpaka mlango ule, lakini hajui atarudi na nini. Basi katika mambo yale matatu, yeye amepata lipi? Mtu wa Uingereza aliyeogopa kupunguziwa alikuwa na kitu kijulikanacho cha kupunguziwa. Huyu wa mlangoni hana hata hicho.

Na kipofu yule si mgeni. Jina lake lajulikana, na mtaa wake, na babake aliyekuwa fundi wa majahazi. Sura ya Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, alipokuja kwa Mtume naye ameshughulika na wakubwa wa Kuraishi, na humo mna mafunzo ya kumkabili dhaifu kwa uso mkunjufu, yatakayosomwa mpaka Kiyama. Lau watu 10 wa msikiti mmoja wangeafikiana, kila mmoja akatoa kiasi kijulikanacho kila mwezi, kikapelekwa nyumbani kwake siku ijulikanayo, kwa siri, bila ya yeye kusimama juani, ingekuwa wameifanya hisani kuwa haki, na haki kuwa maalumu. Kiasi hicho huenda kisizidi sana kile wanachokitoa sasa mlangoni kwa mwaka mzima. Kilichozidi ni kwamba kipofu atalala usiku wa Alhamisi akiijua kesho yake. Na mmoja akifa, mwanawe ashike nafasi yake. Na mwenye nyumba mbili aweke chumba kimoja wakfu.

Wala asidhani mtu kwamba anayatenda haya kwa ajili ya watu wa namna nyingine. Wahenga wa pwani walisema: hujafa hujaumbika. Mwenye macho leo hana hati ya macho ya kesho, na miguu ipandayo mnazi asubuhi huweza kushuka imebebwa. Kila sheria ya wasiojiweza, iwe ya Bunge la London au ya baraza la msikiti wa mtaa, aiandikaye anaiandika kwa ajili ya nafsi yake ya baadaye, ambayo bado hajaijua. Basi na aiandike kama atakavyopenda kusomewa.

Mwenyezi Mungu awalishe wenye njaa, na awaaminishe wenye khofu, na awajaalie wenye kutoa watoe haki kwa wakati wake, kabla haijafika siku ambayo mwenye nguvu na dhaifu watasimama sawa, kila mmoja akiitazamia haki yake. Amin.